Nani Alimzika Kazimoto?

Juzi binti yangu alikifunga kitabu cha hadithi kabla hajafika nusu, akakisukuma mpaka ukingoni mwa meza. "Mama, huyu mtu simpendi. Ana roho mbaya. Nimfuate mpaka mwisho wa nini?" Nilikuwa nachambua mchele. Nikamwambia asubiri nimalize, na nilipomaliza alikuwa keshatoka nje kuruka kamba. Swali akaniachia mimi.

Desemba 1993, likizo ya kidato cha tatu, nilishuka Nansio na Kichwamaji ndani ya begi. Kilikuwa cha kuazima, hakina jalada, kurasa za mwanzo zimeshikizwa kwa uzi. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba Babu macho yote mawili, na redio haikuwa na betri. "Nisomee, mke wangu," akasema, "nisikie watu wa kitabuni wanasemaje." Nilipomwambia kwamba aliyekiandika, Euphrase Kezilahabi, alizaliwa Namagondo, hapa hapa Ukerewe, akajiweka sawa kitini kama mtu aliyetembelewa na jirani.

Raha hiyo haikudumu. Anayesimulia ni Kazimoto mwenyewe, kijana wa Chuo Kikuu: hamwamini Mungu, anawaona watu wa kijijini kwao wajinga, na kila anayempenda anaumia. Manase, Mkuu wa Wilaya, amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Kazimoto anamwendea Sabina, dada yake Manase, moyoni akiwa na kisasi. Kwa kuwa hadithi yote ni "mimi, mimi", na sauti ilikuwa yangu, Babu alikuwa akinigombeza mimi. "We mtoto! Huoni haya?" Mara nyingine alipiga mkongojo chini, nikanyamaza mpaka hasira imtoke. "Ana elimu, hana adabu," alisema. "Funga. Sitaki kumsikia tena."

Kesho yake, kabla hata sahani za ugali hazijaondolewa: "Yule mshenzi amefika wapi?"

Tukaenda hivyo siku tisa au kumi. Shuleni tulikuwa tunafundishwa kumpanga kila mhusika, huyu wa kuigwa, huyu wa kulaaniwa, nami nilikuwa hodari wa kupanga. Kwa Babu mpango wangu haukufanya kazi. Alimlaani Kazimoto kila usiku na kumuulizia kila jioni, na sikumbuki hata mara moja aliyosema anampenda. Labda kuna kumtaka mtu kusiko kumpenda. Sina jina lake mpaka leo.

Usiku wa mwisho ulikuwa wa joto, nzige wawili watatu wanajigonga kwenye chemni ya taa. Nilikuwa nimetangulia kusoma mchana, kwa hiyo nilijua. Mtoto wa Kazimoto na Sabina alikuwa amezaliwa na kichwa kikubwa, na sasa Kazimoto anajiua. Nilitaka kuziruka kurasa zile. Nilijua kwamba Baba Mkubwa, kaka yake baba, alikwenda kusoma Dar es Salaam kabla sijazaliwa, kwamba jina lake halitajwi pale nyumbani, na kwamba kaburi lake halikuwa chini ya mwembe pamoja na makaburi mengine. Mengine nilikuwa nimeyakisia tu. Lakini Babu alikuwa ameinamisha sikio, nikaogopa kwamba angesikia kurasa zikigeuka mbili mbili. Nikasoma. Nilisoma polepole, kwa sauti yangu ya miaka kumi na saba, mimi, mimi, mpaka hakukuwa na mimi tena.

Babu hakugonga mkongojo. Mkono wake ulitafuta ukingo wa meza, ukaupata, ukatulia hapo. Bibi aliyekuwa anasuka ukili akaacha kusuka. Nasikia hata sasa jinsi taa ilivyokuwa ikivuma, sauti ndogo kama ya nyuki mmoja.

"Nani alimzika?" Babu akauliza.

Nikatazama chini. Nilichotafuta hakikuwamo, au machozi hayakuniacha nikione. Nikajikuta nasoma maneno ambayo hayakuandikwa. Nilisema wazee wa ukoo walikuja wote. Nilisema walimchimbia kaburi chini ya mwembe, na mvua ilikuwa inanyesha, na baba yake ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Nilisoma kwa kutulia, nikigeuza hata ukurasa pale nilipoona panafaa. Bibi alinitazama tu. Hakujua kusoma, lakini nadhani alijua kwamba macho yangu hayakuwa yanatembea kwenye mistari.

"Haya," Babu akasema. Akaomba apelekwe kulala.

Asubuhi nilimkuta nje, uso ameuelekeza ziwani. Kabla sijamwamkia vizuri akasema, "Kalete kile kitabu. Pale pa mazishi, nirudie."

Nikakileta, nikakifungua mahali popote. Nikaanza: wazee walikuja wote, wakamchimbia chini ya mwembe, baba yake akatupa udongo wa kwanza.

"Jana ulisema mvua ilikuwa inanyesha."

"Ndiyo, Babu. Ilikuwa inanyesha."

"Basi usiiruke."