Siku moja maishani mwangu: maoni ya msimbo yanayogeuka kuwa nyaraka za Linux

Saa 2 asubuhi

Kazi yangu ni kusoma maoni (maelezo ya kusomwa na watu, ambayo kompyuta huyaruka) yaliyoandikwa ndani ya msimbo wa kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa uendeshaji, na kuyarekebisha. Wengi hudhani kuna watu wanaokaa na kuandika kurasa za mwongozo wa kila funksheni (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake), ukurasa baada ya ukurasa. Sivyo. Maoni yakianza kwa `/**` badala ya `/*`, zana iitwayo kernel-doc huyachukua na kuyachambua, kisha huyakabidhi kwa Sphinx, ambayo hutoa kurasa za HTML. Sphinx ilianza kutumika katika toleo la 4.8, mwaka 2016, ikichukua nafasi ya DocBook. Kernel-doc yenyewe ilikuwa ya Perl kwa miaka mingi, ikaandikwa upya kwa Python mwaka 2025. Kwa hiyo nyota moja ya ziada huamua kama sentensi yako itabaki ndani ya faili, au itasomwa na mtu ambaye hatalifungua faili hilo maishani.

Naanza kwa kuvuta mabadiliko ya usiku, kisha naendesha `kernel-doc -none` kwenye saraka ninayoishughulikia. Chaguo la `-none` halitoi ukurasa wowote, linatoa maonyo tu: parameta hii (thamani inayopewa funksheni) haijaelezwa, ile imeelezwa lakini haipo tena, haya maoni yana `/**` ilhali si ya kernel-doc.

Saa 3

Namaliza mepesi kwanza. Parameta iliyobadilishwa jina bila maoni kuguswa. Mstari mtupu uliochomekwa kati ya maelezo mafupi na parameta ya kwanza. Maoni ya kawaida yaliyopewa nyota mbili kwa mazoea. Hayo nayarudishia nyota moja.

Saa 4 hadi saa 6 na nusu

Hapa ndipo siku yenyewe ilipo. Kuna funksheni inayotafuta kifaa na kurudisha kielekezi chake, yaani anwani yake kwenye kumbukumbu. Zana haina lalamiko nayo: parameta zote zimeelezwa, na sehemu ya `Return:` ipo, inasema funksheni hurudisha NULL, yaani kielekezi kitupu, kifaa kisipopatikana. Nausoma msimbo mstari kwa mstari, na sioni mahali popote inaporudisha NULL. Inarudisha `ERR_PTR(-ENODEV)`, kielekezi chenye namba ya kosa la "hakuna kifaa".

Kwa asiyezoea: kerneli huficha namba ya kosa ndani ya kielekezi kwa kutumia anwani 4095 za mwisho kabisa, ambazo hakuna kitu halali kinachoweza kukaa humo. Kielekezi cha namna hiyo si NULL. Aliyesoma nyaraka ataandika `if (!dev)`, yaani "kama ni NULL", jaribio halitaona kosa, naye ataendelea kukitumia kielekezi kisichoelekeza popote. Mashine itaanguka, na nyaraka ndizo zilizomwelekeza huko.

Natumia `git log -L`, ambayo hunionyesha historia ya funksheni moja peke yake. Zamani ilirudisha NULL kweli. Kisha mtu akaibadilisha ili itoe sababu ya kushindwa, badiliko zuri kabisa, lakini mistari ya maoni iliyo juu yake haikuguswa. Napitia wote wanaoiita, yaani sehemu zote za msimbo zinazoitumia. Karibu wote wanatumia `IS_ERR()`, inayotambua kielekezi chenye kosa. Mmoja bado anapima NULL.

Zana inaweza kulinganisha majina na majina. Haiwezi kulinganisha sentensi na tabia ya msimbo. Ndiyo maana siamini faili lisilo na onyo hata moja mpaka nimelisoma, na ndiyo maana naona maoni ya uongo ni hatari kuliko maoni yasiyokuwepo. Pasipo maoni, mtu hulazimika kufungua msimbo na kujionea. Penye maoni huamini, na ana haki ya kuamini.

Natengeneza viraka viwili, yaani mabadiliko mawili ya msimbo ya kutumwa. Cha kwanza kinamrekebisha yule anayepima NULL, kikiwa na mstari wa `Fixes:` wenye herufi 12 za mwanzo za utambulisho wa badiliko lililoleta hitilafu. Cha pili ni cha maoni pekee. Sivichanganyi kamwe: kile cha kwanza huenda kikahitajika pia katika matoleo ya zamani yanayoendelea kutunzwa, na anayekihamishia huko hapaswi kubeba na mengine.

Saa 8 mchana

Mwenzangu mdogo kikazi ananiandikia: "Dada, nimeondoa maonyo yote kwenye lile faili." Nalifungua. Kweli, hakuna onyo. Lakini parameta `flags` imeelezwa kuwa ni "flags", na `dev` ni "the device".

Namjibu: "Mdogo wangu, zana imeridhika, lakini msomaji bado hajui kitu. Ni biti zipi zinazokubalika? Kielekezi hiki kinaweza kuwa NULL? Nani atakiachilia baadaye? Kuna kufuli linalopaswa kushikwa kabla ya kuita?"

Anauliza atayapata wapi majibu. Kwa wanaoiita funksheni, namwambia, na katika njia zote za kutokea kunapokuwa na kosa. Halafu namtumia mfano ninaoupenda. `mutex_trylock()` hurudisha 1 ikifanikiwa kushika kufuli, yaani kinga inayozuia wawili kugusa data moja kwa wakati mmoja. `down_trylock()`, ambayo kwa jina ungeiita ndugu yake, hurudisha 0 ikifanikiwa. Maoni ya `mutex_trylock()` yanalitaja jambo hilo waziwazi: thamani zake ni kinyume cha zile za `down_trylock()`, kwa hiyo anayehama kutoka semafori kwenda mutex, aina mbili za makufuli, awe mwangalifu. Yanaongeza kwamba isiitwe ndani ya ukatizaji, yaani kifaa kinapokatiza kazi ya kichakataji. Sentensi chache tu, na ni zile zile ambazo mtu angezihitaji saa 9 usiku akitafuta kwa nini mfumo umekwama.

Vivyo hivyo `wait_for_completion_timeout()`: 0 maana yake muda umekwisha. Lakini kwa `wait_for_completion_interruptible()`, 0 maana yake jambo limekamilika. Kwa kuangalia majina na parameta peke yake hutagundua.

Saa 9

Sehemu ya `Context:`, inayoeleza funksheni inaweza kuitwa katika hali gani, ndiyo inayosahaulika zaidi, nami naisukuma kila ninapopata nafasi. Funksheni inayotenga kumbukumbu kwa `GFP_KERNEL` inaweza kulala ikisubiri, hivyo ni marufuku kuiita ukiwa umeshika spinlock, kufuli ambalo aliyelishika haruhusiwi kulala. Iliyotumia `GFP_ATOMIC` hailali. Tofauti hiyo huenda imezikwa hatua kadhaa chini, ndani ya funksheni inayoitwa na nyingine. Kuandika kwamba funksheni inaweza kulala kunachukua mstari mmoja. Kujiridhisha kwamba ni kweli kumenichukua saa nzima leo, na sioni njia ya mkato.

Saa 10

Najenga kurasa. Kujenga nyaraka zote huchukua muda mrefu, hivyo naandika `make SPHINXDIRS=driver-api htmldocs` ili nipate saraka moja tu, kisha nausoma ukurasa kwenye kivinjari kama atakavyouona msomaji. Hatua hii wengi huiruka. Mtu huzipanga thamani za `Return:` vizuri, kila moja na mstari wake, lakini kernel-doc haiheshimu mikato hiyo ya mistari. Kwenye ukurasa, 0 na namba za makosa kama -EINVAL na -ENOMEM huungana kuwa sentensi moja ndefu isiyosomeka. Dawa ni kuziandika kama orodha ya reStructuredText, mtindo wa maandishi unaosomwa na Sphinx, kila thamani ikitanguliwa na alama ya nyota.

Leo nimekuta na jingine: faili lenye maoni mazuri mno, yaliyoandikwa na mtu aliyejali kweli, lakini hakuna ukurasa wa `.rst` unaoyaita kwa agizo la `kernel-doc::`. Hayajawahi kuonekana nje ya msimbo. Kuna skripti ya kuyasaka ya namna hii, `find-unused-docs.sh`. Nimeongeza agizo lenye `:export:`, ambalo huchukua zile funksheni zilizotolewa rasmi kwa EXPORT_SYMBOL ili moduli nyingine zizitumie, na ukurasa ukajaa.

Saa 11 jioni

Napitisha viraka kwenye `checkpatch.pl`, inayokagua mtindo wake, naiuliza `get_maintainer.pl` ni nani wa kutumiwa, naweka `Signed-off-by`, natuma kwa barua pepe.

Kabla sijafunga, jibu linaingia kuhusu kiraka cha wiki iliyopita. Mtunzaji, yaani msimamizi wa sehemu hiyo ya kerneli, anasema maelezo ni sahihi, ila nimesema kufuli lazima lishikwe bila kutaja ni lipi, na muundo ule una makufuli mawili. Ana haki. Nafungua msimbo, nafuata `lockdep_assert_held()`, inayohakiki kwamba kufuli fulani limeshikwa, iliyo mwanzoni mwa funksheni, naandika jina la kufuli lenyewe, na natuma toleo la pili.