Mitego ya Manyoya ya Manitoba, Kama Nilivyoieleza Kwa Mtoro

Vijana wa nyumbani walipoiona kofia yangu ya manyoya waliuliza bei yake. Mjomba wangu hakuuliza bei. Tulikuwa tumeketi uani kwake Kwa Mtoro, wilayani Chemba, Tanzania, wakati wa likizo yangu, naye akaipindua kofia, akaupapasa upande wa ngozi kwa kidole gumba, kisha akasema: "Mjomba, huyu mnyama aliuawa vipi, na alichukua muda gani kufa?" Yeye ni Msandawe aliyekulia katika kuwinda kwa upinde na kurina asali, na kwa mtu wa namna hiyo ngozi haianzi dukani. Naandika hapa jibu nililompa, kwa urefu zaidi kuliko nilivyoweza kulieleza jioni ile, kwa sababu naona ndugu wengi walioko nyumbani husikia habari za manyoya ya Kanada kwa upande mmoja tu, ama ule wa wanaoyavaa au ule wa wanaoyalaani.

Ninaishi The Pas, mji mdogo wa kaskazini mwa Manitoba, jimbo la Kanada, kando ya mto Saskatchewan, ambako ninahudumia wazee katika nyumba ya kuwatunza. Ng'ambo ya mto ni jamii ya Wakree wa Opaskwayak, wenyeji asilia wa huko, ambao wazee wao walijiunga mwaka 1876 na Mkataba wa Tano kati ya wenyeji na ufalme wa Uingereza, na wengi wa wazee ninaowaosha na kuwalisha wamepitisha ujana wao wakitega. Mji wenyewe una tamasha la watega wanyama linalofanyika kila Februari, ambalo mwanzo wake ni mwaka 1916. Kwa hiyo utegaji kwetu huku si jambo la magazetini. Jirani yangu hutoka alfajiri kwa pikipiki ya theluji, wakati baridi imeshuka nyuzi 30 chini ya sifuri, akaenda kukagua mitego yake, na ndiye aliyenipa kofia ile. Wanatega wakati wa baridi kwa sababu manyoya huwa mazito na imara wakati huo. Mnyama aliyeuawa kiangazi, ngozi yake haina kazi.

Kofia ilikuwa ya biva, mnyama wa majini mwenye mkia bapa, anayekata miti kwa meno na kujenga mabwawa. Biva huyo ndiye aliyewaleta wafanyabiashara wa Ulaya katika misitu ile. Kampuni ya Hudson's Bay ilipewa hati yake na mfalme wa Uingereza mwaka 1670, na biashara yake kubwa ilikuwa ngozi za biva, ambazo manyoya yake ya ndani yalitengenezwa kitambaa kigumu cha kofia za mabwana wa Ulaya. Kilichotokea baadaye mjomba alikikisia kabla sijamaliza kueleza: kila mtu alitega kila mahali, na ilipoanza karne ya 20 biva alikuwa ametoweka katika sehemu nyingi alizokuwa amejaa zamani.

Hapa ndipo penye jambo ambalo nilitaka mjomba alisikie vizuri. Mwaka 1940 Manitoba ilianza utaratibu wa kuandikisha maeneo ya kutegea. Kila eneo lina mwenyewe aliyeandikwa jina lake, na ndiye mwenye haki ya kutega manyoya humo kwa biashara. Akiwamaliza wanyama mwaka huu, mwaka ujao anakaa bure, na hana wa kumlaumu. Wazee wangu hueleza jinsi walivyokuwa wakihesabu mabwawa yenye biva na kuchukua wachache tu kila bwawa, na jinsi walivyoacha upande mmoja wa eneo upumzike. Biva wamerudi, tena kwa wingi kiasi kwamba katika sehemu nyingi barabara na mashamba hufurika kwa mabwawa yao. Mtu anayesema kwamba utegaji wa Kanada wa leo unamaliza wanyama hajui anachokisema, na ninasikitika kwamba hoja hiyo bado inarudiwa, kwa sababu inaficha hoja iliyo nzito zaidi, ambayo ni ile ya mjomba: mnyama alikufa vipi.

Mtego wa zamani ulikuwa wa chuma chenye taya mbili zinazofumba mguu. Mnyama hakufa, alikaa hapo akivuta, akijing'ata, hadi mwenye mtego alipokuja, na kama theluji ilimchelewesha mwenye mtego, basi mnyama alisubiri. Katika miaka ya 1950 Frank Conibear, mtegaji aliyefanya kazi muda mrefu katika pori la kaskazini ya Kanada, alitengeneza mtego wa aina nyingine kwa sababu mateso hayo yalimchosha. Ni fremu mbili za chuma zenye springi, zinazojifunga kwa nguvu juu ya shingo au kifua cha mnyama ili afe papo hapo. Mitego ya namna hiyo ndiyo inayowekwa leo chini ya barafu, kwenye njia za biva.

Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya ilipitisha kanuni ya kupiga marufuku mtego wa kushika mguu ndani ya nchi zake, na kuzuia pia manyoya kutoka nchi zinazoutumia. Kanada ilishtuka, kwa kuwa Ulaya ilikuwa soko lake, na mazungumzo yaliyofuata yakazaa mkataba wa kimataifa wa viwango vya utegaji, uliotiwa saini mwaka 1997 kati ya Ulaya, Kanada na Urusi. Mkataba huo unahusu aina 19 za wanyama, na unaweka muda kwa sekunde. Kicheche mdogo wa theluji anatakiwa awe amepoteza fahamu zisizorudi ndani ya sekunde 45, mateni, mnyama wa misituni wa jamii ya kicheche, ndani ya sekunde 120, na wanyama wengine wote, pamoja na biva, ndani ya sekunde 300, katika angalau asilimia 80 ya wanyama wanaotumika kuupima mtego. Mitego hupimwa, na isiyofikia kiwango hairuhusiwi kutumika kwa mnyama huyo.

Nilipomtajia mjomba sekunde 300 alinyamaza akihesabu, kisha akasema kwamba hizo ni dakika tano, na kwamba mwindaji wa zamani wa kwao aliyemwacha paa akihangaika dakika tano baada ya mshale angeaibika mbele ya wenzake. Ninakubaliana naye kabisa. Nimeishi karibu na watega wanyama, ninawaheshimu, nimekula nyama ya biva mezani kwao, na bado ninaamini kwamba kiwango hicho kiliwekwa kwa kutazama mitego iliyokuwapo badala ya kumtazama mnyama. Dakika tano za kubanwa kifua ukiwa na fahamu ni muda mrefu mno. Na asilimia 20 inayobaki nje ya kiwango haisemwi itakawia kiasi gani. Watega wenyewe wanajua kwamba mitego mingi mizuri huua kwa haraka kuliko hapo, kwa hiyo kushusha kiwango kusingewafukuza porini; kungeondoa tu mitego mibovu.

Kuna mambo mawili mengine ambayo siwezi kuyatetea. La kwanza ni mtego unaomshika mnyama wa majini na kumzuia chini hadi akose pumzi. Biva anaweza kukaa chini ya maji dakika kama 15 bila kuvuta hewa, na chama cha madaktari wa mifugo cha Marekani kinasema wazi kwamba kuzamishwa majini si kifo cha huruma. La pili ni kitanzi cha waya cha shingoni kinachotumika kutega mbwa mwitu wa Kanada na koyote, mnyama mdogo zaidi wa jamii hiyohiyo ya mbwa. Mtafiti Gilbert Proulx wa Alberta ameandika kwa miaka mingi kwamba vitanzi hivyo mara nyingi huchelewa kuua wanyama wa jamii ya mbwa, kwa kuwa shingo zao zina misuli na damu huendelea kufika kichwani, na kwamba hunasa pia wasiokusudiwa, wakiwamo mbwa wa watu.

Lakini sikubali pia sauti ya wale wanaokaa mijini, mbali na theluji, wanaodai kwamba yeyote anayetega ni katili na aache leo. Waliwahi kusikilizwa. Ulaya ilipozuia ngozi za watoto wa sili, mnyama wa bahari za baridi, mwaka 1983, bei za ngozi zote za sili zilianguka, na Wainuit wa kaskazini kabisa, ambao huwinda sili wakubwa kwa chakula, walipoteza fedha walizonunulia mafuta na risasi, bila mtu yeyote kuwaletea kazi nyingine. Mwaka 2009 Ulaya ilipanua zuio hilo na kuwawekea Wainuit msamaha wao, lakini soko lilipokufa msamaha ulikuwa karatasi tu. Wazee wa Kikree ninaowahudumia wanaikumbuka miaka hiyo kwa uchungu, kwani na kwao bei zilishuka. Soko la leo ni dogo zaidi. Nyumba kubwa ya mnada wa manyoya mjini Toronto ilifilisika mwaka 2019, na mwaka huohuo California ikawa jimbo la kwanza la Marekani kupiga marufuku utegaji wa manyoya. Ninaona pia kwamba anayekataa manyoya na kununua koti la plastiki litokanalo na mafuta ya petroli hajaacha kumdhuru mnyama. Hajui tu ni mnyama yupi.

Sasa nirudi nyumbani, kwa kuwa mjomba hakuniachia niizungumzie Kanada peke yake. Kijiji chetu hakiko mbali na Pori la Akiba la Swaga Swaga, na nyaya zinategwa humo. Ni nyaya za chuma, nyingine zimechunwa kutoka matairi mabovu, zinafungwa kitanzi kwenye njia ya mnyama na kuachwa. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inazikataza, na askari wa wanyamapori huziondoa, lakini waya hauna jina la mtu. Aliyeutega anaweza kusahau alipouweka, au akaogopa doria asirudi, nao utamnasa fisi, mbwa mwitu au ndama wa jirani, na mnyama atakufa kwa siku kadhaa bila hata nyama yake kuliwa. Anayenusurika hutembea na waya umezama mguuni. Nikilinganisha na dakika tano za biva ambazo zimenikasirisha, sioni kwa nini sisi tuwe na ujasiri wa kuwasema Wakanada.

Mjomba alisikiliza hayo, kisha akauliza jambo lililonibana: kwa nini Mkree ameandikiwa eneo lake, na Msandawe aliyezaliwa hapa anaona gari la doria tu? Nilimweleza kwamba Wakree wana mikataba, na kwamba Katiba ya Kanada ya mwaka 1982, kifungu cha 35, inatambua haki zao, ingawa walizipigania mahakamani mara nyingi. Na kwamba nyumbani Tanzania kuna leseni za uwindaji kwa wenyeji, jumuiya za hifadhi za vijiji, na tangu 2020 kanuni za mabucha ya nyamapori, ila njia hizo kwa mtu wa Kwa Mtoro ni ndefu na zina gharama. Maoni yangu yalikuwa kwamba kijiji kitoe nyaya kwanza, kizikusanye hadharani na kuzikabidhi, ndipo kiombe kutambuliwa kikiwa na mikono misafi.

Yeye aliona mpangilio huo ni wa kinyume. Kwa maneno yake, mtu aliyepewa eneo ndiye atakayeng'oa nyaya za wezi, kwa sababu sasa zinamwibia yeye, ilhali asiyepewa kitu hana haja ya kuingia porini mchana. Ninayoyajua kuhusu Manitoba tangu 1940 yako upande wake zaidi kuliko upande wangu.