Safari ya Kurudi na Hesabu ya Pointi 14

Fainali ya mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu ikiisha saa tatu usiku na ndege ikawa ya alfajiri, hakuna kulala. Usiku ni wa spana. Viti vya mchezo tulivifungulia ukumbini. Magurudumu ya kiti cha mpira wa kikapu hulazwa nyuzi 15 hadi 20, hivyo kiti huwa kipana na milango mingi ya vyumba hakipiti. Unabonyeza kitufe cha ekseli, yaani chuma kinachoshika gurudumu kitini, unachomoa gurudumu, kisha unazungushia utepe ili ekseli isichomoke kitovuni. Ikipotea moja, kiti hicho ni chuma cha kukalia tu.

Ndani ya ndege tunachunga mambo mawili. Mto wa hewa wa kukalia huvimba angani kwa sababu mgandamizo wa kabini hushuka, kwa hiyo aliyeukalia hupunguza hewa kidogo. Shida huja baada ya kutua: asipoujaza tena, makalio yanagusa ubao, na asiye na hisia hajui mpaka kidonda kionekane. La pili ni maji. Wengi hawanywi kwa kuogopa msalani, wanateremka na maambukizi ya mkojo, na wiki mbili za mazoezi zinapotea. Kocha anayedhani hayo ni ya daktari peke yake atajiuliza kwa nini kikosi hakikui.

Uwanja wa kuunganisha ndege ulikuwa na saa tano za kusubiri, na hapo ndipo karatasi za mchezo zilipofunguliwa. Katika mchezo huu kila mchezaji hupewa pointi kwa uwezo wa mwili wake, 1.0 kwa mwenye ulemavu mkubwa hadi 4.5 kwa mwenye ulemavu mdogo, na watano walio uwanjani hawaruhusiwi kuzidi jumla ya 14. Robo ya nne ilitupotea hivi: uwanjani tulikuwa na 4.5, 4.5, 2.5, 1.5 na 1.0, jumla 14, yaani kikomo. Mwenye 2.5 akatoka kwa faulo ya tano. Benchi halikuwa na 2.5 mwingine, bali 3.5 wawili. Ukimwingiza mmoja unafika 15, na hiyo ni faulo ya kiufundi kwa kocha. Ikabidi 4.5 mmoja naye akae nje, waingie 3.5 wote wawili. Faulo ya mtu mmoja ikaondoa wawili, na mmoja wao ndiye aliyekuwa mrefu chini ya kikapu.

Lawama si za yule mchezaji. Kosa lilifanyika miaka kadhaa nyuma, tulipokusanya wafungaji wenye pointi kubwa tu. Mwenye mguu uliokatwa chini ya goti ana kiwiliwili imara. Msimu mmoja tu anaanza kukuletea vikapu. Mwenye 1.0 hana misuli ya kumsimamisha, akisukuma kwa nguvu anaangukia mbele. Anahitaji kiti kilichozama nyuma, magoti yawe juu ya nyonga, na mkanda wa kubana. Ndipo aanze kujifunza kazi yake hasa: kuegesha kiti mbele ya gurudumu kubwa la mpinzani. Kiti hakiendi kiubavu, kwa hiyo aliyezibwa vizuri lazima arudi nyuma kwanza, na sekunde hizo mbili ndizo mfungaji anazopita nazo. Kazi hiyo haionekani kwenye karatasi ya mabao (mimi ni 1.5, nina upendeleo, lakini hesabu ni ileile), nayo haiivi kwa kambi ya mwezi.

Kabla ya kupanda ndege ya pili tulikuwa tumekubaliana: katika miaka minne ya kuelekea Paralimpiki ijayo, kila pointi kuanzia 1.0 hadi 2.5 iwe na watu wawili, na kila mmoja wao apate dakika katika mechi ambazo kushindwa hakuumizi. Na spana zisikae kwa fundi mmoja. Kila mchezaji ajifunze kukaza spoki na kubadili tairi lake mwenyewe.

Tulipotua, hatukutoka ukumbi wa mizigo kabla ya kukagua, maana malalamiko ukishatoka nje ni magumu kusikilizwa. Viti 12, ekseli 24. Zote zilikuwepo, moja imepinda.