Siku Moja Maishani Mwangu: Mtanga Anayesomea Uhandisi Nairobi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri Pangani, mtaa wangu hapa Nairobi, ingali giza, na maharage niliyoyaacha jikoni jana usiku bado ni magumu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa shinikizo la hewa huku ni dogo, maji huchemka yakifika kama nyuzi 94 tu, hivyo chakula ambacho Tanga kingeiva upesi huku hunimalizia gesi. Hilo ndilo somo la kwanza la fizikia nililofundishwa na jiji hili, wala halikuwa kwenye ratiba.

Saa kumi na mbili na nusu nasimama kituoni. Manyunyu yameanza, na kila akaaye Nairobi anajua maana yake: nauli hupanda kabla mwavuli haujafunguliwa. Makanga ni mtu mzima, kwa hiyo namwamkia "Shikamoo" kama nilivyolelewa, naye anacheka, anaitikia "Marahaba, Mtanzania," kisha ananitoza nauli ya mvua kama wengine wote.

Saa mbili kuna mhadhara wa nadharia ya miundo. Nauelewa bila shida, ingawa mwaka wa kwanza nililalamika sana, kwa sababu shahada ya uhandisi Kenya huchukua miaka mitano ilhali kwetu ni minne. Wenzangu wengi hapa walitoka kidato cha nne wakaingia chuoni moja kwa moja. Mimi nilipitia kidato cha tano na cha sita, na hesabu nyingi za mwaka ule wa kwanza nilikuwa nimekwisha kuzifanya. Sasa niko mwaka wa tatu na malalamiko yameisha, kwa kuwa hakuna tena ninachokijua kabla ya kufundishwa.

Saa nne tunaingia maabara, na hapo ndipo siku inapoharibika. Wiki iliyopita kundi letu la watu wanne lilichanganya zege lililokusudiwa kufikia nguvu ya nyutoni 25 kwa kila milimita ya mraba baada ya siku 28. Tulijaza michemraba ya chuma yenye upande wa milimita 150, siku ya pili tukaifungua na kuyatumbukiza mapande ya zege katika tangi la maji. Leo ni siku ya saba, siku ambayo kwa kawaida zege kama hili hutarajiwa kuwa na walau theluthi mbili ya nguvu yake, yaani pande moja listahimili mzigo wa karibu kilonyutoni 375. Tunaliweka la kwanza kwenye mashine, sindano inapanda polepole, 200, 250, 290, kisha mlio mkavu unasikika na sindano inarudi nyuma. La pili na la tatu hayakuwa na heshima zaidi.

Fundi wa maabara, mzee asiyependa maneno mengi, anaokota kipande, anakisugua kwa kidole gumba mpaka kinatoa vumbi, halafu anatutazama mmoja mmoja. "Mliandika maji kiasi gani?" Mwenzetu wa Kisumu anasoma daftari: saruji kilo 10, maji lita 5. Mzee anasema "Haya," kisha anakwenda kunywa chai. Hakuna kati yetu anayesema neno.

Mchana nakula chapati na ndengu kibandani, haraka, kwa sababu saa nane basi linatupeleka Embakasi kuona msingi wa jengo la ghorofa unavyochimbwa. Upande wa magharibi wa jiji, kuelekea Kikuyu, udongo ni mwekundu na mjenzi hulala usingizi; huku mashariki ni ule mweusi unaonata viatuni, ambao hufura ukinywa maji na kusinyaa wakati wa kiangazi mpaka ukapasua sakafu na kuta za nyumba zilizojengwa juu yake. Hapa wameuchimba wote hadi mwamba, na malori yanamwaga moramu, udongo wa changarawe, inayoshindiliwa tabaka kwa tabaka.

Mhandisi anaeleza kwa Kiingereza, lakini ninayemfuata ni fundi mkuu. Ninapomuuliza nondo za nguzo ni za unene gani, ananikazia macho, kisha anasema, "Ahaa, vyuma, madam injinia!" Ninachokiita zege yeye hukiita konkriti, saruji yangu ni simiti yake, na pahala penyewe pa kazi hupaita mjengo. Nimezoea kuandika maneno hayo ukurasa wa mwisho wa daftari, safu tatu: la Tanga, la Nairobi, la mhadhiri. Safu ya tatu ndiyo ya mtihani, lakini sijaona kibarua aliyeelekezwa kazi kwayo.

Narudi Pangani saa moja usiku baada ya msongamano ambao sitausimulia. Saa mbili nampigia baba, ambaye amekuwa mwashi tangu kabla sijazaliwa na hajawahi kuiona mashine ya kuvunjia zege. Namweleza yaliyotokea asubuhi, na kabla sijafika kwenye kilonyutoni ananikatiza:

"Mlipolikoroga lilikuwa zito, sivyo?"

"Lilikuwa zito, baba."

"Mkaona uvivu, mkaongeza maji."

Tuliongeza. Koleo lilikuwa linakwama, mikono inauma, na mmoja wetu akachota jagi la lita moja na nusu akamimina, nasi tukashukuru. Uwiano wa maji na saruji ukapanda kutoka 0.5 hadi 0.65, maji hayo ya ziada yanapokauka huacha vitundu ndani ya zege. Daftarini tuliacha lita 5.

Saa nne usiku nawaandikia wenzangu watatu kwamba ripoti itasema lita sita na nusu. Wawili wamekubali. Wa tatu ameusoma ujumbe na hajajibu, nami nimekwisha kuchora jedwali upya.