Sisi watu wa masijala

Ukimwambia mtu umesoma Chuo cha Utumishi wa Umma, tawi la Tabora, swali linalofuata huwa ni moja tu: "Kumbe wewe ni sekretari?" Hapana. Nilisomea utunzaji wa kumbukumbu, kazi ya masijala, yaani ofisi inayopokea barua na kutunza majalada ya serikali. Wenzangu wa uhazili, ndio masekretari hasa, nililala nao bweni moja, nikawashuhudia wakikariri hatimkato, yale maandishi ya haraka ya alama, hadi usiku wa manane, kidole kikichora alama pajani juu ya kanga. Lakini siwalaumu wanaouliza. Kwa watu wa umri wa mama yangu, Tabora ni Chuo cha Uhazili, basi. Kwamba mwaka 2000 chuo kile kiliunganishwa na cha watumishi pale Magogoni, Dar es Salaam, kikawa wakala mmoja wa serikali, na kwamba leo kuna matawi Mtwara, Singida, Tanga na Mbeya, hayo hayawahusu.

Mimi nikisikia Tabora na Tanga nafikiria jambo jingine. Serikali haikuanza juzi kutafuta makarani katika miji hiyo. Tanga ndiko Wajerumani walikofungua shule ya serikali miaka ya 1890, wakifundisha kwa Kiswahili ili wapate makarani, walimu na maakida, yaani watawala wadogo wa wilayani. Waingereza nao wakafungua shule ya Tabora mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu, wawe watawala wa kesho chini ya bendera yao. Nyerere alipita pale, na matokeo yake sidhani kama ndiyo waliyoyapanga. Mwaka 1953 wakaanzisha shule nyingine Mzumbe, Morogoro, ya kuwafunda machifu na watumishi wa serikali za wenyeji. Hiyo sasa ni Chuo Kikuu Mzumbe, na wahitimu wake hawapendi kukumbushwa kwamba mizizi yetu inakaribiana.

Darasani tulichofundishwa kwa ukali kuliko vyote ni dokezo, yale maelezo mafupi anayoandikiwa mkubwa ndani ya jalada ili aamue jambo. Mwalimu wetu alikuwa mzee mstaafu aliyeitumikia serikali mikoani, na zoezi lake lilikuwa jepesi kwa kulitazama: mtumishi ameomba likizo, mwandikie bosi. Tulijaza ukurasa mzima wa heshima na "ninayo furaha". Yakarudi yote yamechorwa nyekundu. Anayeomba ni nani? Kanuni ipi inampa haki hiyo? Ana siku ngapi zilizobaki? Atakayeshika kazi yake ni nani? Na wewe uliyeandika, unashauri nini? Kama huna ushauri, alisema, umempelekea bosi tatizo uliloletewa, ukaongeza sahihi yako tu.

Watu hudhani masijala ni chumba cha vumbi ambako mtumishi mkorofi hupelekwa akatulie. Wengine hutumwa huko kweli, na hasara yake huonekana baadaye. Barua ikiingia hupigwa muhuri, huandikwa kwenye rejista, hutafutiwa jalada lake na kupewa namba ya folio, yaani nafasi yake ndani ya jalada, ndipo iende kwa afisa. Afisa anaandika dokezo, mkuu wake anaamua kwenye karatasi ile ile, jalada linashuka, jibu linatoka, nakala inabaki. Hatua hizo zikifuatwa, mtu atakayekuja miaka ishirini baadaye ataona nani aliamua nini, na kwa sababu gani. Hatua moja ikirukwa, unabaki na barua isiyo na mwenyewe.

Wanaolijua hili kwa uchungu ni wastaafu. Baba wa watu amefundisha tangu ujana, anakuja kufuatilia mafao, jalada lake linafunguliwa: barua ya ajira ya kwanza ipo, ya kuthibitishwa kazini haipo, ya kupandishwa cheo ipo moja kati ya tatu. Anaambiwa alete nakala zake. Nyumba yake ilivuja mwaka wa mvua nyingi, nakala ziliozea sandukuni. Sasa mtu huyo anapandishwa na kushushwa ngazi za maofisi kwa sababu kuna karani, mahali fulani, siku fulani, aliyeweka karatasi kwenye jalada la jina linalofanana. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa tunayo tangu mwaka 2002, na ni nzuri, lakini haiendi yenyewe kabatini.

Serikali ilipoamua mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa vitendo, ofisini kwetu watu waligombania nani atapata ofisi yenye kiyoyozi na samani zipi zitasafiri. Sisi tulikuwa tunahesabu majalada, tunafunga maboksi, tunaandika juu yake kwa kalamu nene, kisha tunahesabu tena kabla lori halijafungwa turubai. Dereva alituuliza kama tumebeba dhahabu. Dada mmoja wa masijala ya siri akamjibu kwamba dhahabu ikipotea inachimbwa nyingine.

Sasa tuko kwenye ofisi mtandao. Barua inaskaniwa, dokezo linaandikwa kwenye kompyuta, bosi akiwa safarini anaamua akiwa huko huko. Nimeupenda mfumo huu, tena sana, maana umemaliza lile neno la "jalada liko mezani kwa mkubwa" lililokuwa likificha uzembe mwingi. Ila kompyuta haijui barua inahusu nini. Hilo bado anaambiwa na mtu, na wapo vijana wenye shahada zao ambao hawajawahi kuandikiwa nyekundu na mzee yeyote. Wiki iliyopita mmoja alisajili barua ya mgogoro wa kiwanja, na penye kichwa cha habari akajaza: "Barua muhimu". Nilipotafuta maneno hayo kwenye mfumo, zilikuja nyingine kumi na nne.