Orodha ya chaguzi za mwaka mzima: mitego ya 2024

Mwaka 2024 ulijaa chaguzi kuliko kawaida, na kila chombo cha habari kilikuja na hesabu yake. Hesabu hizo hazilingani, na mara nyingi si kwa sababu kuna aliyekosea kujumlisha. Kila mmoja aliamua kimyakimya ni kitu gani kinachostahili kuitwa uchaguzi wa kitaifa, kisha hakumwambia msomaji. Kwa hiyo anayetaka kuandaa orodha yake, iwe ya 2024 au ya mwaka mwingine, aandike kanuni zake juu ya jedwali kabla ya kujaza nchi hata moja.

Kanuni ya kwanza ni nani aliyepiga kura. Afrika Kusini ilipiga kura 29 Mei. Chama cha ANC kikapata asilimia 40.18 na viti 159 kati ya 400, lakini rais hakuchaguliwa siku hiyo. Cyril Ramaphosa alichaguliwa na wabunge tarehe 14 Juni kwa kura 283. Ukiandika "uchaguzi wa rais, 29 Mei" umekosea tarehe na umekosea aina. Georgia ni hivyo hivyo: wananchi walichagua Bunge 26 Oktoba, na rais akapatikana 14 Desemba kwa kura za jopo la wajumbe 300, huku mgombea akiwa mmoja tu. Mimi naweka chaguzi za moja kwa moja kwenye jedwali moja na zile za wabunge au wajumbe kwenye jingine. Marekani ndiyo kichwa ngumu, kwa sababu kisheria wananchi huchagua wajumbe 538 na wajumbe ndio humchagua rais. Iache kwenye jedwali la kwanza, 5 Novemba, kisha weka maelezo pembeni. Ukiihamisha utakuwa sahihi kisheria na hakuna atakayeiona.

Bunge la Ulaya lilichaguliwa kati ya 6 na 9 Juni katika nchi 27, viti 720. Wapo wanaoliandika mara 27, na hapo ndipo orodha nyingi zinapovimba. Chombo kinachochaguliwa ni kimoja, mstari uwe mmoja. Bulgaria, kinyume chake, inastahili mistari miwili ya ubunge, 9 Juni na 27 Oktoba, maana yalikuwa mabunge mawili tofauti. Ule wa Oktoba ulikuwa wa saba tangu Aprili 2021.

Tarehe ndiyo safu inayoonekana rahisi kuliko zote na ndiyo inayoharibika kwanza. Safu moja haitoshi. Zinahitajika tano: siku ya kwanza ya kupiga kura, siku ya mwisho, siku ya duru ya pili, siku ya matokeo ya mwisho, na tarehe iliyopangwa awali. Ijaribu kwa India. Kura zilianza kupigwa 19 Aprili na kumalizika 1 Juni, awamu saba, siku 44, kisha zikahesabiwa zote 4 Juni. Ukiwa na safu moja ya tarehe, utachagua ipi? Na hata idadi ya majimbo ina mtego: Bunge lina viti 543 vya kuchaguliwa, lakini katika jimbo la Surat mgombea wa chama cha BJP alipita bila kupingwa, kwa hiyo kura zilipigwa katika majimbo 542.

Namibia ilipanga siku moja, 27 Novemba. Karatasi za kura zikapungua vituoni, muda ukaongezwa, na shughuli ikafungwa 30 Novemba. Senegal ilikuwa ipige kura 25 Februari. Rais Macky Sall akasimamisha ratiba mwanzoni mwa mwezi huo, Bunge likasogeza hadi 15 Desemba, Baraza la Katiba likafuta uamuzi huo 15 Februari, na hatimaye watu wakapiga kura 24 Machi. Bassirou Diomaye Faye, aliyetoka gerezani siku kumi kabla, akashinda duru ya kwanza kwa asilimia 54.28. Bila safu ya tarehe ya awali, sakata lote hilo linapotea na Senegal inaonekana kama nchi iliyopiga kura Machi kwa utaratibu wa kawaida.

Orodha ya Januari huzeeka haraka pia. Hakuna kalenda ya mwanzo wa 2024 iliyokuwa na uchaguzi wa Bunge la Ufaransa, kwa kuwa Emmanuel Macron alilivunja Bunge 9 Juni na kura zikapigwa 30 Juni na 7 Julai. Iran nayo iliingia baada ya Rais Ebrahim Raisi kufariki katika ajali ya helikopta 19 Mei. Katiba yao inatoa siku 50 tu za kumpata rais mwingine, ndiyo maana duru ya kwanza ilifika 28 Juni. Ukijua kikomo cha muda kama hicho, unaweza kukadiria tarehe siku ileile kiti kinapobaki wazi, bila kusubiri tangazo.

Kisha kuna kinachohesabika kuwa ushindi. Safu hii watu wengi hawaiweki kabisa, halafu wanashangaa mbona aliyepata asilimia 40 ameapishwa na aliyepata 49 anarudi kampeni. Taiwan, Lai Ching-te alishinda kwa asilimia 40.05, kwa sababu huko anayeongoza ndiye mshindi, hakuna duru ya pili. Panama na Iceland pia ni hivyo, na washindi wao wote wawili walikuwa na takriban asilimia 34. Indonesia inataka zaidi ya nusu ya kura zote pamoja na angalau asilimia 20 katika zaidi ya nusu ya mikoa. Prabowo Subianto alivuka masharti yote mawili. Uingereza inahesabu majimbo, basi chama cha Labour kikachukua viti 411 kati ya 650 kwa asilimia 33.7 ya kura. Usiweke asilimia ya kura bila viti kwa nchi za namna hii. Inapotosha kuliko kuacha wazi.

Sri Lanka inahitaji maelezo marefu kidogo. Mpiga kura anaweza kuandika 1, 2 na 3 mbele ya majina. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wagombea wote wanaondolewa isipokuwa wawili wa juu, na karatasi za walioondolewa zinapekuliwa kuona kama chaguo la pili au la tatu linamwangukia mmoja wa wawili hao. Mwaka 2024 ilikuwa mara ya kwanza kwa hesabu hiyo ya pili kufanyika. Anura Kumara Dissanayake alikuwa na asilimia 42.31 mwanzoni, na ushindi wake ulithibitishwa baada ya chaguo hizo za pili na za tatu kuongezwa. Wengi walioandika kwamba alishinda kwa asilimia 42 waliishia hesabu ya kwanza.

Kura ya maoni ina mitego yake. Hapo "ndiyo" nyingi haina maana mpaka ujue inapimwa dhidi ya nini. Lithuania, 12 Mei, iliuliza kama mtu aruhusiwe kuwa na uraia wa nchi mbili. Karibu asilimia 74 ya waliopiga kura walisema ndiyo. Pendekezo likaanguka. Sheria ilitaka ndiyo ifikie zaidi ya nusu ya wote walioandikishwa, si ya waliojitokeza, na waliokaa nyumbani wakawa kama wamesema hapana. Moldova ilitaka tu theluthi moja ya walioandikishwa wajitokeze, halafu wingi wa kawaida. Tarehe 20 Oktoba "ndiyo" ya kuelekea Umoja wa Ulaya ikapita kwa asilimia 50.35, tofauti isiyofika kura 11,000, na kwa saa nyingi za usiku "hapana" ilikuwa mbele, mpaka kura za wanaoishi nje zilipoingia.

Uswisi inataka wingi wa watu na wingi wa kantoni, yaani mikoa yake inayojitawala, pale katiba inapoguswa. Novemba 2020 pendekezo la kuyawajibisha makampuni makubwa kwa matendo yao nje ya nchi lilipata asilimia 50.7 ya kura na bado likashindwa, kantoni zililikataa. Ndiyo maana kwa Uswisi naweka safu mbili za matokeo, na kwa kuwa hupiga kura mara kadhaa kwa mwaka (2024 ilikuwa siku nne), kila swali lina mstari wake. Ecuador ilikuwa na maswali 11 siku moja, 21 Aprili, na mawili yakakataliwa. Mtu anayeandika kwamba wananchi waliunga mkono kura ya maoni amefuta hayo mawili. Ireland ilikuwa na mawili 8 Machi, la familia na la matunzo, yote yakakataliwa kwa kishindo, asilimia 67.7 na 73.9.

Uruguay ndiyo ninayoipenda zaidi kwa mfano. Kura ya maoni inapofanyika siku ya uchaguzi mkuu, kama 27 Oktoba, hakuna karatasi ya hapana. Kuna kikaratasi cha ndiyo, unakitia kwenye bahasha pamoja na kura yako ya chama. Usipokitia, umekataa. Ukijaribu kujaza safu ya "hapana" utajikuta unatunga takwimu, basi iache wazi na ueleze.

Sasa matokeo. Andika siku zote nani aliyeyatangaza, kwa sababu tume hutoa ya awali na mahakama au baraza la katiba hutoa ya mwisho, na mara nyingine hayafanani kabisa. Msumbiji, tume ilimpa Daniel Chapo asilimia 70.67 mwezi Oktoba. Baraza la Katiba likatangaza 65.17 tarehe 23 Desemba. Komoro, Azali Assoumani alishuka kutoka karibu 63 hadi karibu 57, huku waliojitokeza wakipanda kutoka karibu asilimia 16 hadi zaidi ya 56. Mshindi ni yuleyule, lakini picha ya uchaguzi ni nyingine.

Algeria ni darasa zima. Baada ya kura za 7 Septemba, tume ilimtangaza Abdelmadjid Tebboune kwa asilimia 94.65, na ikasema wastani wa waliojitokeza ni 48.03. Lakini kura zilizotajwa zilikuwa takriban milioni 5.6 kati ya walioandikishwa milioni 24, yaani chini ya robo. Kampeni za wagombea wote watatu, akiwemo rais mwenyewe, zililalamika pamoja. Mahakama ya Katiba baadaye ilitoa asilimia 84.3 kwa Tebboune na 46.1 ya waliojitokeza.

Neno "wastani" likionekana kwenye takwimu za mahudhurio, shika kalamu. Chukua mikoa miwili. Wa kwanza una walioandikishwa 1,000,000 na wamejitokeza asilimia 30. Wa pili una 50,000 na wamejitokeza asilimia 80. Wastani wa mikoa ni 55. Waliopiga kura kweli ni 300,000 na 40,000, jumla 340,000 kati ya 1,050,000, sawa na asilimia 32.4. Angalia pia kigawanyo cha asilimia za wagombea: kura halali, au kura zote pamoja na zilizoharibika? Nchi zikitofautiana, usizilinganishe katika mstari mmoja.

Jedwali liwe na safu ya ndiyo au siyo: je, matokeo ya kila kituo yalichapishwa? Venezuela, 28 Julai, tume ilimtangaza Nicolás Maduro bila kutoa ya vituo, na upinzani ukachapisha nakala za fomu ulizokusanya kupitia mawakala wake. Pale fomu za vituo hazipo hadharani, takwimu ya taifa haina kitu cha kukaguliwa nayo, na msomaji anastahili kuliona hilo bila kulitafuta.

Mwishoni mwa mwaka kuna mistari isiyokaa vizuri. Kroatia ilipiga duru ya kwanza ya urais 29 Desemba, Zoran Milanović akakosa kidogo kufika nusu, na duru ya pili ikaangukia 12 Januari 2025. Ibaki 2024, kwa kuwa uchaguzi huhesabiwa kwa duru ya kwanza. Romania ni tofauti: duru ya 24 Novemba ilifutwa na Mahakama ya Katiba 6 Desemba, siku mbili kabla ya duru ya pili, wakati walioko nje walishaanza kupiga kura. Mstari wa 2024 unabaki bila mshindi, na uchaguzi wa Mei 2025 ni uchaguzi mpya, si duru ya pili.

Na ile isiyofanyika kabisa isifutwe. Mali ilikuwa na ratiba ya Februari, Burkina Faso ya Julai, Sudan Kusini ya 22 Desemba, ambayo ilisogezwa hadi Desemba 2026. Zinawekwa chini ya jedwali, tarehe ya awali ikiwa imejazwa, na safu nyingine zote zikiwa tupu.