Nani Akae Katikati?

Kundi la wasichana watatu liliponijia likitaka kava la albamu yao ya kwanza, nilidhani ugumu wa kazi ungekuwa katika rangi na fonti. Haikuwa hivyo. Watu watatu wakisimama mstari mmoja, jicho humfuata wa katikati, na msikilizaji asiyewajua humchukulia huyo kuwa ndiye mwenye kundi, na wale wawili wasindikizaji wake. Wasichana wenyewe walilijua hilo kabla yangu: katika picha za majaribio tulizopiga studio, kila baada ya mapumziko walirudi wakiwa wamebadilishana nafasi, bila kuambiwa na mtu.

Lilikuwapo pia suala la ukubwa. Jalada la santuri ya LP lilikuwa na upana wa sentimita 30 hivi, likatosha kupamba ukuta; la CD likashuka hadi 12. Leo ninatengeneza mraba wa pikseli 3,000 kwa 3,000 ambao wengi watauona kwenye simu ukiwa sawa na ukucha wa kidole gumba. Pendekezo langu la kwanza lilianguka hapo. Nilikuwa nimelipanga kava kama kanga: picha ikiwa mji, yaani sehemu ya kati, jina la albamu likikaa mahali pa jina la kanga, na pindo lenye nakshi ya korosho likizunguka pande zote nne. Kwenye kompyuta lilipendeza mno, nami nakiri kwamba nililionea fahari siku mbili nzima. Kwenye simu pindo liligeuka tope na maandishi hayakusomeka.

Ufumbuzi nilikutana nao siku niliyokwenda nyumbani kwa mmoja wao kuchukua nguo za kupigia picha, nikawakuta barazani wakisukana twende kilioni, ule msuko rahisi wa harakaharaka. Mmoja alikaa kwenye kiti akimsuka wa pili, na huyo wa pili, akiwa kwenye kigoda, alikuwa akimsuka wa tatu aliyeketi mkekani. Mikono na migongo iliteremka kwa mshazari kutoka kona ya juu hadi kona ya chini, mraba ukajaa wenyewe. Kesho yake saa 11 jioni, jua likiwa limepoa, tulirudi palepale tukawapiga picha kwa ubavu, ili nyuso zote ziwe umbali mmoja na kamera. Baadaye nilivipima vichwa kwa rula ya programu nikahakikisha kwamba hakuna kinachozidi kingine. Kigodani tulimweka anayeimba sauti ya pili. Kwa hesabu ndiye wa katikati, lakini uso wake umeinama kwa kuwa yuko kazini.

Meneja wao hakufurahi. "Dada, yaani albamu ya kwanza tunaitoa na twende kilioni?" aliniuliza, kwani yeye alitaka nguo za kumetameta na viatu virefu. Nilimjibu kwamba hivyo watavivaa jukwaani, na kwamba kumetameta kwenyewe kukishapunguzwa hadi ukubwa wa ukucha huonekana kama picha iliyoharibika. Alikubali kwa sharti kwamba namba ya simu ya kuwaalika iwekwe chini, kama ilivyokuwa kwenye makava ya kaseti. Niliiweka ingawa nilijua matokeo yake. Msambazaji alilirudisha faili, maana majukwaa ya muziki mtandaoni hayaruhusu namba za simu wala anwani za mitandao kwenye jalada. Niliifuta, na safari hii meneja hakusema neno.

Aliye mkekani hana mtu mbele yake wa kumsuka, kwa hiyo tulimpa kitana cha mkia chekundu, na hakuna kitu kingine chekundu katika picha nzima. Binti huyo aliwahi kuniuliza kwa nini awe yeye wa chini. Nilimpa simu yenye kava katika ukubwa wake mdogo kabisa. Akaliangalia, akakitafuta kitana kwa ncha ya kidole, akanirudishia simu akicheka.